Yunis Shehoza na Sahani Zilizosuguliwa

Wachungaji, viongozi wa kijiji, wazee wetu shikamooni, nanyi nyote mliopanda mlima kwa matope haya hadi Malindi, familia inawasomea maisha ya Yunis binti Emanueli Shehoza kama yalivyokuwa, bila kuongeza sukari.

Yunis alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 hapa hapa Malindi, wilaya ya Lushoto, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Emanueli Shehoza na mama yetu Elieshi, aliyetangulia mwaka 1998. Mzee Emanueli wengi mnamfahamu, na wengine mnatembea leo kwa sababu yake, kwani tangu enzi za baba yake nyumba hii inaunga mifupa: mtu huletwa amevunjika, mzee anaupapasa mguu, anaunyoosha, anaupaka gome la mti lililotwangwa, kisha anaufunga kwa vibanzi vya mianzi. Jina la mti huo halikuwahi kutoka nje ya ukoo. Aliyekuwa akilitwanga gome ni Yunis, toka utotoni, naye alikuwa mbishi, akiuliza kila mara gome linafanya nini humo ndani ya mguu, na mzee akimjibu kwamba yeye kazi yake ni kutwanga.

Alisoma shule ya msingi hapa Malindi kuanzia mwaka 1989 hadi 1995, sekondari Lushoto mjini hadi 1999, kisha kidato cha tano na cha sita Tanga hadi 2002. Kidato cha nne hesabu alipata D, tunalisema kwa kuwa wapo wanaodai alizaliwa na akili za ajabu, hakuzaliwa nazo, alikaa chini akasoma. Mwaka 2007 alihitimu shahada ya sayansi ya maabara Dar es Salaam, akafanya kazi katika hospitali moja ya Tanga hadi 2012, halafu akaajiriwa na maabara ya utafiti Dar es Salaam, ambayo hatutaitaja.

Tarehe 19 Desemba 2009 alifunga ndoa na Bwana Faustine, mzaliwa wa Sigi kule Amani, ambaye wazazi wake walitoka Kigoma kuja kuchuma chai. Maneno juu ya huyu mtu wa kuja yalikuwa mengi, mkajifanya mnamjaribu, mkambebesha gunia la viazi kutoka bondeni mpaka barabarani, akalifikisha, akauliza kama kuna jingine, ndipo shangazi akasema basi, huyu ni wa kwetu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lightness aliyezaliwa mwaka 2011, na Yusufu aliyezaliwa mwaka 2014.

Sasa kazi yake, ambayo imesemwa vibaya sana barabarani. Yunis alikuwa akilea seli shina, yaani zile seli changa za kwenye uboho ambazo bado hazijaamua ziwe nini, mfupa, mafuta au gegedu, nazo hulelewa katika sahani ndogo za plastiki, zikipewa maji ya chakula na joto kama la mwili wa mtu. Mwaka 2016 alimwomba mzee gome akalipime, mzee akakataa, akaombwa tena, hatimaye akampa gome na jina lake. Mwaka uliofuata, seli zilizotiwa maji ya gome zilijinyoosha, zikajipanga, zikaanza kuweka chokaa kama mfupa, na zile zisizotiwa zikakaa vile vile. Basi tarehe 12 Novemba 2017, siku ya Jumapili, alisimama kanisani hapa, akatangaza mbele ya watu kwamba gome la baba yake linajenga mfupa, mzee akachinja mbuzi, na nyama hiyo wengi mliopo hapa mliila.

Lakini lilikuwapo kosa. Sahani mpya zilikuwa adimu, kwa hiyo zilizotumika zilisuguliwa kwa brashi, zikalowekwa kwenye spiriti, zikarudishwa kazini. Yunis ni mtoto wa mkulima wa viazi, na kwetu mbegu haiwekwi kwenye udongo uliochoka, sasa zile seli zisizotiwa gome ndizo alizozitegemea kwa mbegu ya kuendeleza kizazi, akazipa sahani mpya, zile za gome akazipa zilizosuguliwa, na hakuona ubaya wowote. Mwezi Agosti 2018 shehena ya sahani mpya ilipofika, aliirudia kazi yote upya, na gome halikufanya kitu. Akageuza, akaweka seli tupu, bila gome, kwenye sahani zilizosuguliwa, zikaelekea kuwa mfupa. Brashi ilikuwa imeacha mikwaruzo, seli zikaishika, zikajivuta kufuata mistari, na seli hizo zikishajivuta hivyo juu ya kitu kigumu huweza kugeuka mfupa, kwa kuwa, kama alivyotueleza mwenyewe, seli husikia inapokaa.

Mkubwa wake wa kazi alimshauri asubiri wakati mwafaka wa kulisema, naye akajibu kwamba wakati mwafaka ni Jumapili, akapanda basi, akasimama mahali pale pale.

"Tate, niliyoyasema hapa si kweli," alimwambia baba yake. "Si gome. Ni sahani."

Mzee akajibu mbele ya wote, "Umenipandisha mbele ya watu, umenishusha mbele ya watu. Kaa na sahani zako."

Tangu siku hiyo Yunis alipoamkia shikamoo, mzee hakuitikia. Mnajua kwetu hilo ni jambo gani, mtoto kunyimwa marahaba na baba aliyemzaa, naye hakuacha kuamkia, kila simu, kila Krismasi, anaamkia, ananyamaziwa, anakwenda jikoni. Wapo waliomwambia aseme tu kwamba gome linasaidia kidogo, yaishe. Akasema hata kidogo hakukiona.

Hakuna aliyejua kwamba mzee naye alikuwa akipima. Mwaka 2020 jirani yetu Hamza alivunjika mkono, mzee akaufunga kwa vibanzi bila kupaka gome, wala hakumwambia, na Bwana Hamza yupo hapa, mkono ndio huo. Baada yake akafunga wengine vivyo hivyo. Mwezi Februari 2021 alimpigia Yunis simu, Yunis akaamkia, mzee akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Kisha mzee akasema, "Mkono wa Hamza umeunga bila gome. Hebu nieleze tena habari ya sahani zako."

Akamweleza, na mzee alipouliza kama basi mifupa nayo huunga kwa sababu ya vibanzi vinavyoishikilia, Yunis alisema hilo yeye hajalipima, ila hospitali nazo hufunga mfupa usichezecheze. Udaktari wake wa falsafa, aliotunukiwa Novemba 2022, aliupata kwa kuandika habari za sahani hizo hizo, na mzee alihudhuria akiwa na koti lake la harusi.

Mwezi Julai 2023 Yunis alianza kuumwa tumbo na mgongo, akagunduliwa saratani ya kongosho, akatibiwa Dar es Salaam, na Aprili 2025 akaomba arudishwe nyumbani, ambako mzee alikuwa akimnywesha uji kwa mkono wake. Ndugu mmoja alimsihi mzee ampake gome mgongoni, akamjibu, "Ningekuwa na dawa ya hili, ungenikuta nimekaa?" Yunis alifariki tarehe 9 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri, katika hospitali hapa Lushoto, Faustine akiwa amemshika mkono.

Baadhi ya ukoo juzi walitaka habari ya gome irukwe, msiba usije ukaharibu jina la nyumba. Mzee aliwaambia, "Someni yote. Nilimnyima marahaba mbele ya watu, mimi mtu mzima."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Dar es Salaam na wa Lushoto, majirani waliobeba kuni, maji na mgonjwa mwenyewe, wakulima wa Kwai walioleta maziwa kila asubuhi, na wafanyakazi wenzake waliosafiri usiku kucha. Mzee Emanueli anawaarifu kwamba baada ya matanga ataendelea kupokea waliovunjika, ila kila mmoja aje kwanza na picha ya hospitali, na mtu asimuulize gome.

Yunis, binti wa Shehoza, ulisema ulichokiona. Pumzika kwa amani.