Mzee Lipu na Nyumba Tulizohama

Ndugu, majirani na wapangaji wetu, mimi ni binti wa kwanza wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, na mama ameniomba nisome kwa upole, nami nitajitahidi kadiri nitakavyoweza.

Baba yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mzee Lipu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, katika chumba cha kupanga, baba yake akiwa dereva wa lori na mama yake muuza maziwa, na alipokuwa na miaka sita mwenye nyumba aliwatoa nje na vyombo vyao, mvua ikinyesha, jambo ambalo yeye hakulisahau, wala sisi hakutuacha tulisahau. Alisoma shule ya msingi mwaka 1957 hadi 1964, akajifunza uashi katika chuo cha ufundi hadi 1967, kisha akaajiriwa na idara ya ujenzi, akapiga lipu kuta za ofisi za watu hadi alipostaafu mwaka 2004, na huko ndiko alikopata jina lake.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, na mwaka uliofuata akanunua kiwanja cha kwanza, na hapa lazima nimpe haki yake, kwani kwa kununua viwanja hakuwa na mpinzani, alikwenda kukagua kiwanja mvua kubwa ikinyesha, amevaa mabuti, aone maji yanapita wapi, akawauliza majirani mipaka iko wapi kabla hajamuuliza muuzaji, na hakuchimba msingi mpaka hati iwe mkononi. Nanyi wapangaji ni mashahidi, bomba likivuja asubuhi, kabla ya mchana alikuwa amekwishafika na spana yake.

Tatizo lilikuwa sisi. Baba aliamini kwamba nyumba isiyokaliwa huchakaa, na nyumba inayojengwa huibiwa hata mbao, kwa hiyo mlinzi wa kila nyumba ambayo haijakwisha alikuwa mkewe na watoto wake, na siku lipu ilipokauka na milango ikapachikwa, mpangaji aliingia, nasi tukabeba magodoro kwenda kwenye matofali mengine. Mimi nilizaliwa mwaka 1977 kwenye nyumba isiyo na dari, mdogo wangu wa kiume mwaka 1980 kwenye nyumba isiyo na madirisha, na kitindamimba wetu mwaka 1984 kwenye nyumba ambayo mlango wa choo ulikuwa gunia. Mama alishona mapazia ya kila nyumba, na kila mara mapazia yalibaki na wapangaji, eti yanaipendezesha nyumba. Tukilalamika alituambia tuvumilie kidogo, inayofuata ndiyo yetu, na kidogo hicho kikachukua zaidi ya miaka arobaini. Namlilia baba yangu, na bado amenikasirisha.

Nyumba hii ambayo tumekaa uani kwake aliianza mwaka 2018, na safari hii mama alikataa katakata kuingia kabla haijakwisha, akamwambia, mzee, ukitaka mlinzi ajiri mlinzi, naye Baba akaapa mbele yetu sote kwamba hii ni ya mama. Mwezi Juni 2020 figo zilianza kumsumbua, akalazwa, na tarehe 9 Agosti, saa nne asubuhi, akatutoka, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama. Siku mbili kabla ya hapo, kama tulivyokuja kugundua, alikuwa amempangisha nyumba hii mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuvumilia alivyokuwa akizikagua nyufa za wodi yao, tunawashukuru majirani waliotupikia, na wenzake wa idara ya ujenzi waliobeba jeneza. Tunamshukuru pia yule mgonjwa mwenzake, ambaye tunafurahi kwamba amepona, amekuja kuzika pamoja nasi, na nimeambiwa amekwishaulizia maji hutoka siku gani. Ndugu yetu, utusamehe, Baba alikuahidi kwa nia njema, na tutakusaidia kupata pengine, lakini hapa hapapangishwi. Mama aliingia juzi na cherehani yake, na hatoki.

Baba, pumzika kwa amani, sisi hatuhami tena.