Ephantus Maina Gachie, Aliyesoma Kila Mstari

Mzee Ephantus Maina Gachie alizaliwa tarehe 14 Mei 1961 huko Gatuanyaga, Thika, akiwa kitinda mimba wa marehemu Gachie Njuguna na marehemu Nyambura. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alichelewa kusema, na aliposema, alianza kwa kuuliza.

Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha sekondari mjini Thika, akamaliza kidato cha nne mwaka 1979. Baadaye alipata stashahada ya umeme, na mwaka 1984 akaajiriwa katika kiwanda cha nguo mjini Thika kama fundi wa mitambo. Kiwanda kilipopunguza wafanyakazi mwaka 1998, hakukaa nyumbani kujihurumia. Alifungua chumba cha kutengeneza kompyuta Ruiru, akajifundisha kuandika programu kwa vitabu vya kuazima.

Tarehe 2 Disemba 1989 alifunga ndoa na Magdalene Mumbi, mwalimu wa chekechea. Mungu akawajalia watoto wawili, Bedan na Nyambura. Walihamia Ngoingwa mwaka 2003.

Wengi wetu tulijua tu kwamba ni mzee wa kompyuta. Leo familia ingependa kueleza kazi yake. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, na katikati ya mfumo huo kuna kiini, sehemu inayozigawia programu zote kazi na kumbukumbu. Kiini alichokihudumia Ephantus huandikwa na watu wa nchi nyingi, na rekebisho lolote haliingizwi mpaka mkaguzi alisome na kuliridhia. Tangu mwaka 2009 yeye alikuwa mkaguzi wa sehemu inayosoma diski.

Mwaka 2022 Lynn Odongo, mwanafunzi wa Juja aliyekuwa akisaidia zahanati moja huko Kiuu, alimtumia rekebisho. Kompyuta ya zahanati ilikuwa ikiganda mara kwa mara. Siku moja mama mjamzito alikaribia kudungwa dawa iliyowahi kumdhuru, kwa sababu faili yake ilikataa kufunguka. Aliokolewa na muuguzi aliyemkumbuka kwa sura. Lynn alitafuta mpaka akaona chanzo. Programu inaposoma diski hufunga kufuli ili nyingine isiingilie. Diski ilipoleta hitilafu, programu ilitoka bila kufungua, na nyingine zote zikabaki zikingoja tu.

Ephantus alimrudishia rekebisho hilo mara tatu. Baada ya mara ya tatu, Lynn alipanda boda boda hadi Ngoingwa.

"Mzee, hii kitu inafanya kazi. Nimeitest wiki mzima!" alisema hata kabla ya kukaa.

"Inafanya, ndiyo. Kaa kwanza, Mama Bedan analeta chai." Akamgeuzia kompyuta. "Umefungua kufuli diski ikikosea. Sasa, kumbukumbu ikiisha kabla diski haijasomwa, tunatokea wapi?"

Lynn alisoma, akasoma tena. "Aki, tunatokea hapa chini. Na bado imefungwa."

"Sasa tumeelewana."

Walipolimaliza pamoja, Ephantus alitafuta ni nani aliyeidhinisha msimbo ule, yaani maandishi ya programu, uliokuwa na kosa. Ilikuwa mwaka 2016, na jina lililokuwa pale ni lake. Magdalene anasimulia kwamba aliweka kikombe chini, akatoka, akasimama karibu na banda la kuku kwa muda mrefu. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyekuwa akiuliza. Aliogopa, kama alivyomwambia mkewe baadaye, kwamba wangemwondoa katika kazi aliyoipenda kuliko zote. Hata hivyo alirudi ndani.

"Ni mimi niliipitisha, Lynn. Siku hiyo niliharakisha."

Akawaandikia wenzake wote wa dunia nzima: "Kosa hili lilipita mikononi mwangu. Limegunduliwa na Lynn Odongo wa Juja. Jina lake liandikwe kwenye rekebisho, na langu kwenye kosa."

Rekebisho liliingizwa tarehe 11 Oktoba 2022. Hawakumwondoa. Walimwomba awafundishe wakaguzi wapya, na wa kwanza wao akawa Lynn. Kompyuta ya Kiuu haijaganda tena.

Mnamo Agosti 2024 aligunduliwa na saratani ya kongosho, akatibiwa hapa Thika. Macho yalipochoka, Magdalene aliketi kando ya kitanda akimsomea msimbo mstari kwa mstari, mabano na nukta mkato, bila kujua maana yake.

"Rudi hapo kwenye mabano," Ephantus angesema. "Amekosea. Lakini Mumbi, mwandikie asante kwanza. Huyu mtu ameketi, amefikiri, akatuletea. Kosa tutamwambia baadaye."

Aliaga dunia Jumapili asubuhi, tarehe 9 Machi 2025, mkono wake ukiwa katika mkono wa Magdalene. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Ngoingwa waliopika na kukesha nasi, na Lynn, ambaye alikuja kila Jumamosi.

Ameacha mjane, Magdalene Mumbi; watoto, Bedan na Nyambura; wajukuu wanne; na dada yake, Wanjira.

Mungu, ulitujalia Ephantus kwa miaka sitini na mitatu. Asante. Sasa umpumzishe katika amani yako.