Shangazi Rangi na Turubai la Sakafuni

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha uchoraji chuoni kwetu, Shangazi Rangi anastaafu. Jamani, mimi nilidhani watu kama yeye hawastaafu! Nafundisha ufinyanzi chumba cha pili, na miaka yote hiyo nimemsikia akiimba ng'ambo ya ukuta. Wimbo hata mmoja hajawahi kuumaliza.

Alipoanza kazi, uchoraji hapa ulikuwa machweo na sahani za matunda. Yeye akaja na picha zisizo na mtu, nyumba wala mti, rangi tupu zinazogombana na kupatana. Ndiye wa kwanza kwetu kuchora hivyo, na alichekwa, tena si kidogo. Mama mkwe wake alipozawadiwa picha moja, aliuliza kwa upole itakamilika lini. Shangazi alicheka kuliko wote, akaenda kuchora nyingine kubwa zaidi.

Kisha maji yakatufika shingoni. Bodi ya chuo ilitaka kukifunga chumba chake kiwe stoo ya viti, ila kwanza ije ione kazi yake. Shangazi alichora miezi mitatu, akailaza picha sakafuni ikauke. Lile turubai kuukuu la kukinga sakafu, lililojaa madoa ya miaka nenda rudi, akalitundika dirishani lipigwe na upepo, akaenda kumwona mama yake hospitalini.

Seremala na mtunza stoo walipotumwa kuichukua picha, wakachukua iliyotundikwa. Wangejuaje? Wakaitia fremu nzuri, wakaipeleka ukumbini. Na ile ya miezi mitatu? Waliikanyaga wakipita na ngazi!

Shangazi aliingia ukumbini akakuta makofi. Mwenyekiti wa bodi alikuwa amesimama mbele ya turubai, machozi yakimlengalenga, akamuuliza lilimchukua muda gani. Sisi tuliokuwa nyuma tulikwisha kulitambua turubai, tukatazamana. Shangazi alilisogelea, akagusa doa moja baada ya jingine. Hakudanganya. Alisema limechukua miaka yote aliyofundisha na mikono ya wanafunzi wake wote, kwa kuwa ni turubai la kukanyagia.

Mwenyekiti akaangua kicheko mpaka akavua miwani, na sote tukavunjika mbavu. Chumba hakikufungwa. Tangu siku hiyo Shangazi aliacha kuchora wima. Hutandaza kitambaa chini, wapitao wapite, nyayo zao azigeuze picha. Kazi hizo sasa zinatundikwa kwenye majumba ya sanaa ya miji ambayo mimi naiona kwenye ramani tu.

Tulipanga kumuaga kwa kumpa turubai lile, ambalo lilibaki limetundikwa ukumbini miaka yote. Seremala akaing'arisha fremu mpaka unajiona. Shangazi akakataa katakata! Ameomba litolewe ukutani lirudishwe sakafuni, maana bado halijaisha. Nililia, sifichi. Seremala aling'oa misumari mwenyewe huku akinung'unika, na leo asubuhi, baada ya kipindi cha kwanza, lilikuwa limeshapata doa jipya la njano.

Asante, Shangazi. Pumzika vizuri, ule vizuri, uchafue kuta za nyumbani kwako upendavyo. Tunakuombea kila la heri. Turubai liko chini, kazi inaendelea. Ila ng'ambo ya ukuta wangu kumeanza kuwa kimya, nami sikipendi kimya hicho. Siku moja pita, umalizie japo wimbo mmoja.