Mlangoni kwa Mpika Kwete

"Marehemu mama yangu ulimuhubiria umesimama, Estelle!" Prossy alimfokea jirani yake, nasi abiria wengine tukanyamaza, si kwa heshima bali ili tusikie vizuri. Tulikuwa tumetoka Arua, Koboko ikikaribia.

"Dada, mimi mulokole. Nyumba iko na pombe, naingia namna gani? Kila Jumapili nilifika mlangoni, nikamwambia Yesu anamupenda."

"Na kila Jumapili alikuwekea kiti. Hata maji yake ulikataa, ati mtungi iko na harufu ya pombe yake ya kwete. Akaniuliza, 'Huyu Yesu wake anaogopa kiti yangu?'"



Estelle aliivutia Biblia kifuani. "Nilifunga juu yake, Prossy. Nililia kwa Mungu. Kukaa naye tu, hiyo ndiyo nilishindwa."

Gari likasimama mbele ya nyumba ya marehemu. Prossy akashuka na mizigo yake, akaushikilia mlango wa gari.

"Na mimi pia napika kwete, sikudanganyi," alisema. "Watu wa nyumbani wameshapika ugali wetu wa enyasa na samaki. Ingia ukule."