Mwenye Namba ya Kazimia

Benchi yetu ni ubao wa mtumbwi uliopasuka, umelazwa juu ya mawe mawili pale njia ya bandarini inapokutana na barabara kubwa ya Baraka. Mama Dorothée anauza kahawa hapo tangu asubuhi. Kushoto anakaa Avoka, yaani wakili, aliyepewa jina hilo kwa sababu alijitetea mwenyewe mahakamani na akashindwa kesi zote. Kulia anakaa Rezo, anayechaji simu za watu kwa sola. Katikati nakaa mimi, baba wa Ketsia. Zamani nilikuwa nakaa pembeni. Tangu tumzike binti yangu wameniweka katikati, wala hakuna aliyesema kwa nini.

Ketsia alikuwa anauza mitumba kwa simu. Balo la nguo likifika kwa mashua kutoka Kigoma, yeye alikuwa wa kwanza kuchagua. Alifua, akapiga pasi, akavaa mwenyewe, akaegemeza simu dirishani na kujipiga picha. Juu ya picha aliandika bei, kisha akaiweka kwenye WhatsApp. Wateja wake wengi hakuwahi kuwaona kwa macho. Mapulova yake yalipanda mpaka Minembwe, kwenye baridi ya milimani, hata wakati watu walikuwa wanaogopa kupanda.

Homa ilimkuta wakati barabara ya Uvira imefungwa, na dawa hazikupita. Alipofariki, dada yangu Florentine alifungua simu yake kutafuta picha ya kuweka juu ya sanduku. Ya mwisho ilikuwa ya Ketsia amevaa robe nyeupe ya arusi, anacheka. Picha nyingine zote zilikuwa na bei. Hiyo haikuwa nayo. Robe yenyewe tuliikuta imetundikwa nyuma ya mlango, imefuliwa, imefunikwa kwa kitenge. Kwetu msichana akifa kabla ya kuolewa anavikwa nyeupe. Tulisema Mungu ametuandalia. Tukamzika nayo, na akina mama wa kanisa wakamwimbia wimbo wa arusi.

Leo Rezo ameleta ile simu. Ilizimika wakati wa kilio na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiwasha. Ilipowaka tu ikaanza kulia, ujumbe juu ya ujumbe: mtu mmoja amepiga, amepiga tena, amepiga tena. Ketsia alikuwa amemwandika kwa neno moja tu, Kazimia, bandari ya kusini kwetu.

— Huyu ni mwanaume, alisema Avoka.

— We umejuaje? aliuliza Mama Dorothée.

— Mama, kikulacho ki nguoni mwako. Mutoto alivaa robe ya arusi. Basi bwana arusi iko ndani.

— Ndani ya robe?

— Ndani ya mambo! Sikiliza ushahidi. Moja, robe haina bei. Kitu cha kuuza kina bei. Mbili, muntu anapiga simu kama moto unawaka kwake. Tatu, jina lake halikuandikwa. Jina la kweli linafichwa juu ya nini? Juu ya baba.

Wote walinitazama, kisha wakatazama vikombe vyao.

Sikuwakatiza. Nilitaka iwe hivyo. Mama yake Ketsia alitangulia zamani, na mtoto mwingine Mungu hakutupa. Florentine amerudi kwake Kilembwe. Nyumbani ninalia peke yangu. Kama kuna kijana mahali fulani aliyempenda binti yangu, basi yupo mtu wa kulia naye, na bado hajaambiwa. Tangu kilio kiishe nimekuwa nikimwomba Mungu amlete.

— Mupigie, muzee, alisema Rezo. Samaki mkunje angali mbichi.

— Hiyo ni ya kulea batoto, alisema Mama Dorothée.

— Na simu pia. Ikikauka haikunjike.

Nilibonyeza. Sauti ya mashine ikasema namba haipatikani. Nilibonyeza tena. Ikasema vilevile.

— Unaona? Amezima, alisema Avoka. Anaogopa kukuona. Mi nasema eko na mashua kule, tena eko na bibi mwingine.

— Hapana, alisema Rezo. Mwenye mashua hawezi kuzima simu, atakosa mizigo. Huyu ni soda, mwanajeshi. Soda anazima simu akiwa kwenye pori.

— Soda wa upande gani? Siku hizi ni pande nyingi.

— Ule wa upande ambao haulipwe.

— Basi ni wote, alisema Mama Dorothée, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi tulicheka, hata mimi. Kicheko hakikufika mbali.

Avoka aliinama, akashusha sauti.

— Sasa nitawaambia kitu. Ile robe ilitoka kwa balo. Balo linatoka Ulaya. Bazungu hawatupe robe ya arusi hivi hivi. Mwenyewe alikufa. Roho yake ilikuwa ndani ya kitambaa, inatafuta muntu wa kuvaa. Ketsia alivaa, akacheka mbele ya simu, na homa...

— Avoka, nilisema.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, muzee. Bazee balisema. Mgeni akikuja, mwenyeji...

— Mwenyeji apone, nilimwambia. Wa kwangu hakupona. Nyamaza kidogo.

Aliinua kikombe chake. Ni mtu mwema. Siku ya kuchimba kaburi alikuwa na koleo kabla ya vijana.

— Mi nafikiri kama ni kijana wa watu, alisema Mama Dorothée polepole, Mungu atamuleta mwenyewe. Hata kama ni soda. Tutamupa kahawa, akae hapa, alie.

— Atakaa wapi? aliuliza Rezo. Benchi imejaa.

— We utasimama.

Wakati huo abiria wa mashua ya mchana walikuwa wanapanda kutoka bandarini na mizigo yao. Msichana mmoja alisimama mbele yetu. Kitenge chake kilikuwa kimelowa mpaka magotini. Nyuma yake kulikuwa na kijana amebeba mfuko.

— Jambo, bababa. Jambo, mama. Miye naitwa Solange, na huyu ni kaka yangu Lionel. Tumetoka Kazimia. Tunatafuta kwa Ketsia, ule wa kuuzisha nguo.

Avoka aliitazama simu mkononi mwangu.

— Nimemupigia simu sana, haipokee. Nikafikiri labda imeharibika. Na yangu imezima kwa mashua. Nikasema nije mwenyewe, juu arusi yangu ni Jumamosi.

Alimgeukia Lionel, akachukua simu yake na kutuonyesha. Ilikuwa picha ile ile. Ketsia, amevaa nyeupe tupu, anacheka.

— Nilimwambia sina njia ya kuja kupima. Akaniambia nisijali, miili yetu ni sawasawa, atanivalia yeye nimwone. Mnaona anavyocheka? Nilipoipenda akasema, basi ni yako, siandike bei tena.

Rezo alisimama. Akamwachia nafasi yake, lakini msichana hakukaa. Alitoa kwenye mfuko viatu vyeupe, akavipangusa kwa kiganja.

— Nimekuja navyo nione kama urefu unafika. Robe yangu iko wapi, baba? Eko nayo nyumbani?

Nilimtazama Avoka, mwenye jibu la kila kesi. Alikuwa anatazama viatu vile. Mama Dorothée aliinua birika ampe mgeni kikombe, akaiinamisha, akaiinamisha zaidi. Yakatoka masimbi meusi ya kahawa, basi.

Solange alikuwa bado anatabasamu, akidhani sisi ni wazee wasiosikia vizuri. Akaingiza tena mkono mfukoni, akatoa kifurushi cha dagaa kilichofungwa kwa gazeti, kikinuka jua na ziwa.

— Na hii ni ndakala ya Ketsia. Aliniambia za kwetu njo anapendaka.

Nilikipokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa.