Ala Tupu ya Lacey

Mbele ya duka la vyakula vya ng'ombe, katika mji mmoja mdogo wa Oklahoma, kuna benchi la chuma. Kila asubuhi hukaliwa na watu watatu waliostaafu kazi lakini hawajastaafu mdomo. Dub, dereva wa malori wa zamani, huitwa Dizeli. Orrin huitwa Jaji, kwa kuwa aliwahi kuteuliwa mara moja kusikiliza kesi ya ndama aliyeibwa, na tangu hapo hukumu hazimwishi kinywani. Verlene huitwa Pilipili, na anajua kwa nini. Leo kahawa ilikuwa bado inachoma ulimi, na habari ilikuwa moja. Lacey, mjukuu wa Verlene, aliingia chuoni na ala ya bastola kiunoni, tupu, kudai wenye vibali waruhusiwe kubeba silaha humo. Ameitwa kwenye kikao cha nidhamu leo hii. Anaweza kufukuzwa.

— Ala tupu! — alisema Dizeli. — Itamng'ata nani?

— Wanasema imetia watu hofu, — Jaji akajibu. — Halafu vikaratasi vya madai yake kavigawa mlangoni mwa maktaba, na sehemu iliyotengwa ya kusemea ipo.

— Ipo wapi?

— Kile kisakafu cha saruji nyuma ya maegesho, karibu na mapipa ya taka. Unaomba ruhusa kwanza, ndipo unafungua mdomo.

— Kumbe! — Verlene akadakia. — Basi paka wa mapipani ndio wenye haki zote.

— Mimi nawaambia, hii njama ya wauza saruji, — alisema Dizeli. — Mwakani kila kitongoji kitalazimishwa kuwa na kisakafu chake.

— Wapi! — Jaji akapinga. — Kisheria, ala tupu ni sawa na soksi. Wakipiga marufuku ala, zitafuata soksi, itafuata mifuko ya suruali. Mwisho tutakwenda kanisani uchi.

— Wewe Jaji ukienda uchi, hofu hiyo itakuwa ya kweli.

Dizeli alipaliwa na kahawa, akakohoa mpaka machozi.

— Lakini Pilipili, — Jaji akauliza, — si wewe uliyesema bastola darasani ni upuuzi?

— Nilisema na nasema. Watoto wanaofungia funguo ndani ya gari, leo uwape bastola? Lakini Lacey anatoka kibaruani usiku, anapita maegesho yaleyale alikovamiwa yule msichana mwaka jana. Wakaomba taa, wakaahidiwa. Ziko wapi? Mtoto ana sababu yake. Kama amekosea, mwambie amekosea. Huwezi kumziba mdomo halafu ukajiita shule.



Gari dogo likasimama mbele ya benchi. Akashuka msichana mwenye beji kifuani, yenye picha ya bastola iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Dizeli akakunja uso.

— Shikamoo, bibi. Naitwa Noelle. Naongoza kundi linalompinga Lacey.

— Umekuja kushangilia?

— Hapana, nakwenda kumtetea. Wakimfukuza, nitabishana na nani?

Verlene alimkagua kuanzia viatu mpaka beji, asipate pa kumchoma.

— Sisi mashahidi tunangoja nje, — Noelle aliendelea. — Yeye ameruhusiwa mtu mmoja wa kukaa naye ndani. Nani anakwenda?

Jaji akachungulia kikombe chake. Dizeli akakumbuka kamba ya kiatu. Wiki nzima walikuwa wamemtetea Lacey pale benchini, na hakuna aliyewaza kwamba kuna mahali pa kwenda kuketi. Verlene alikuwa hajawahi kuvuka lango lile la chuo. Shule aliiacha darasa la nane, na majengo yale humfanya ajihisi ana tope miguuni.

— Hakuniomba, — alisema, kwa sauti ambayo benchi halikuizoea.

Noelle akamfungulia mlango wa gari.

Verlene akakung'uta chembe za donati kwenye sketi, akainuka.

— Na huyo anayekaa naye, anasema nini?

— Hasemi kitu, bibi. Haruhusiwi. Anakaa tu.

Dizeli na Jaji wakatazamana.

— Tutaona, — alisema Verlene, akaingia garini.