Kijiti Kinasoma Ngapi? Maisha ya Mhandisi na Mheshimiwa Alton Bergum, 1938–2019

Kabla ya yote, familia inaomba mlango wa jikoni hapa kanisani uachwe wazi. Jirani yetu Delmar Ruud hayumo kanisani. Yuko juu bwawani, ndani ya gari lake, akiangalia maji kwa niaba yetu. Asubuhi ya leo yalikuwa futi sita na yanashuka, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kukimbia. Lakini mvua inatarajiwa tena kesho, theluji bado imejaa milimani, na marehemu mwenyewe asingekubali tukae humu mlango ukiwa umefungwa. Mkisikia honi ya gari lake, pandeni kwa njia ya makaburini, wenye watoto watangulie.

Marehemu Alton Bergum alizaliwa tarehe 14 Februari 1938, hapa hapa Bonde la Lindal, Wisconsin, katika shamba la ng'ombe wa maziwa la wazazi wake, Nels na Clara Bergum. Walizaliwa wawili tu. Mdogo wake, Odell, alibaki na shamba hilo, na ndiye anayesoma wasifu huu.

Alianza masomo mwaka 1944 katika shule ya Lindal, iliyokuwa na chumba kimoja na jiko moja la kuni. Alipokuwa darasa la tatu alijenga bwawa la tope kwenye mfereji wa shule. Mvua ya mchana mmoja ikalipasua, maji yakaingia darasani hadi chini ya meza ya mwalimu. Mwalimu, Bi. Thora Hegge, hakumchapa. Alimpa kijiko cha supu akamwambia, "Haya fundi, toa maji yako." Alton akainama akatoa maji kijiko kwa kijiko hadi ng'ombe wa jirani walipoanza kurudi zizini. Mdogo wake, aliyekuwa darasa la kwanza, alikaa mlangoni akila tufaa. Hakumsaidia hata kijiko kimoja.

Baada ya sekondari alijiunga na chuo kikuu cha jimbo kule Madison, akahitimu uhandisi wa ujenzi Juni 1961. Mwaka huohuo aliajiriwa na ofisi ya kuzuia mafuriko mabondeni. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa Bwawa la Lindal, lililojengwa kuanzia 1964 hadi 1966. Bwawa hilo lilimeza shamba la juu la mama yetu, na mama alilitoa kwa moyo mmoja kwa sababu mwanawe ndiye aliyelichora. Mdogo wake hakulitoa kwa moyo mmoja, na watu wa bonde hili wanalijua hilo.

Katikati ya ujenzi, tarehe 26 Juni 1965, alifunga ndoa na Verna Kvale katika kanisa hili. Keki ilipokuwa inakatwa kule shambani mvua ilianza kunyesha, na bwana harusi akatoweka. Alipatikana nyuma ya banda la kuku na suti yake, amechuchumaa, anapima kwa kisu cha keki kina cha maji ndani ya ndoo. Verna alisimama mlangoni na shela lake akasema, "Jamani, mimi nimeolewa au nimeajiriwa?" Walijaliwa watoto wawili, Karsten na Ardis.

Kwenye ukuta wa bwawa kuna nguzo iliyochorwa namba za futi. Sisi tunaiita kijiti. Maji yakifika tisa, yanaanza kutoka kwenye utoro, ile njia ya pembeni ya kumwaga maji ya ziada. Yakifika kumi na mbili, yanapita juu ya tuta lenyewe, na tuta la udongo likipitiwa na maji juu halikai. Chini yake zipo nyumba arobaini na moja, shule na kanisa hili.

Julai 1978 kijiti kilisoma kumi na moja na nusu. Alton alikaa juu ya tuta siku mbili bila kuvua buti. Maji yaliposhuka alirudi mezani akazipiga hesabu zake upya, na hapo ndipo alipoona kosa. Upana wa utoro ulikuwa umepangwa kwa kumbukumbu za mvua za miaka ishirini na miwili, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo ilikuwa ya ukame. Wahandisi wengi wa wakati ule walifanya hivyo na vitabu viliruhusu. Utoro ulikuwa mwembamba mno. Alipompelekea mkuu wake karatasi, alijibiwa, "Alton, hesabu zilishapita. Unataka kuwatia watu wasiwasi bure?"

"Wasiwasi ninao mimi," Alton alisema. "Nataka wagawane na mimi kidogo."

Aliacha kazi mwaka 1981, na Novemba 1982 alichaguliwa kuingia Bunge la Jimbo. Alitumikia mihula kumi na miwili ya miaka miwili miwili, hadi Januari 2007. Mdogo wake alimpigia kura mara kumi na moja. Kule bungeni Madison walimwita Mheshimiwa Mvua, maana kila kikao alisimama na muswada uleule: mabwawa yote ya zamani yakaguliwe na yenye kasoro yarekebishwe. Uliangushwa mara kumi. Mwenyekiti mmoja wa kamati alimuuliza kwa kejeli, "Mheshimiwa, hilo bwawa baya kuliko yote alilijenga nani?" Alton akajibu, "Mimi," akakaa. Wengine wanasema muswada ulianza kupita siku ile.

Ulipita mwaka 2005, lakini kwa bei yake. Wakulima walihofia kunyang'anywa ardhi, wakadai kifungu cha tano: serikali isiguse shamba la mtu bila saini yake na mashahidi wawili. Aliyesimama katika mkutano wa wakulima na kukidai kifungu hicho kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mdogo wake. Alton alikiandika kwa mkono wake mwenyewe. Bwawa la Lindal likawekwa la kwanza katika orodha ya kurekebishwa, na njia mpya ya utoro ikaangukia katikati ya malisho ya Odell Bergum, pale lilipo ghala la mviringo alilojenga baba yetu.

Tangu hapo, kila Oktoba, kwenye chajio cha samaki wa magadi, wale wakavu wanaolowekwa magadi hadi walainike, katika ukumbi wa chini wa kanisa hili, Alton alikaa mbele ya mdogo wake na kuweka karatasi kando ya sahani. Mliokuwepo mmesikia mazungumzo yenyewe, maana hayakubadilika.

"Odell, tia saini basi."

"Bwawa lako, hesabu zako, kaka. Mimi nina ng'ombe tu."

"Ng'ombe wako hawajui kuogelea."

"Watajifunza. Wewe ulijifunza siasa, sembuse wao. Nipe siagi hapo."

Alimpa siagi. Hakuwahi kupandisha sauti, hakuwahi kumsema kwa jirani. Verna ndiye aliyechoka, akasema mwaka jana, "Nyie wawili mtazikana hilo neno halijaisha."

Marehemu alianza kuugua moyo Novemba 2018. Daktari alipomweleza kwamba maji yanajaa mapafuni, aliuliza yanaingia kwa kasi gani na njia ya kutokea ni ipi. Alilazwa tarehe 8 Machi. Tarehe 12 mvua ilianza kunyesha juu ya theluji. Alifariki Jumatano tarehe 13 Machi 2019, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja. Mdogo wake alikuwa kando ya kitanda.

Karatasi mlizoshika zinatoka hapo moja kwa moja hadi majina ya familia. Zilichapwa Jumamosi. Mchungaji anivumilie, maana haya yanayofuata sikumwonyesha.

Mchana ule Alton alinishika mkono wa koti. Hakutaja saini. Aliniuliza, "Kijiti kinasoma ngapi?" Nilikuwa nimetoka bwawani saa moja tu kabla. Kilikuwa kinasoma nane na kinapanda. Nikamwambia, "Tatu." Akaniangalia, akauliza tena, "Tatu kweli?" Nikasema, "Tatu, kaka, lala." Akalala. Katika miaka yetu yote pamoja sikuwahi kumdanganya kuhusu maji. Nilimtania, nilimkatalia, nilimtia aibu mbele ya watu, lakini namba nilimpa ya kweli kila aliponipigia simu. Siku ya mwisho ndiyo niliyomdanganya, na nilimdanganya kwa sababu kama ningesema nane ningelazimika kusema na kwa nini bado ni nane ya kutisha, miaka kumi na minne baada ya sheria yake kupita. Sababu ni mimi. Ninaona haya, na ninaogopa. Tangu Jumatano kila nikifumba macho nasikia maji.

Juzi Verna alipokuwa anatoa suti ya kumvalisha, aliikuta karatasi ya Oktoba mfukoni, ina doa la siagi. Alinipa bila kunilaumu. Alisema tu, "Kalamu iko kwenye droo." Nimetia saini leo asubuhi. Mashahidi ni Verna na Ardis. Malisho yaende, na ghala la baba liende. Lakini msirudi nyumbani mkidhani imekwisha. Saini haipanui utoro. Watachimba majira mawili ya joto, na kati ya sasa na hapo zipo mvua nyingi. Delmar hawezi kukaa kule peke yake. Daftari la zamu liko mezani kando ya birika la kahawa, na jina la kwanza ni langu.

Marehemu ameacha mjane, Verna. Watoto, Karsten na Ardis. Wajukuu watatu, Britta, Soren na Nola. Mdogo wake mmoja. Na nyumba arobaini na moja ambazo alizihesabu kila mvua iliponyesha.

Pumzika sasa, kaka. Kijiti kinasoma sita. Safari hii ni kweli.